Mbukwenyi

Alhamisi usiku. Mama Zuhura amegeukia ukutani, anasema mwanga wa simu unamchoma macho. Na mimi usingizi sina.

Ni yule bibi wa genge la mlenda, Chang'ombe ya hapa Dodoma, ambaye wengi wenu mnamjua humu. Juzi baada ya Asri nilikuwa natoka kikaoni, kanzu imepigwa pasi, koti juu. Nikapita upande wa pili wa barabara, nikainua mkono, nikasema kwa sauti, "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo ya watu wengi; mtu mmoja huambiwa "Mbukwa". Bibi hakuinua kichwa. Alikuwa anafunga mlenda mkavu kwenye kipande cha gazeti. Akajibu, "Mbukwa. Siku hizi, sheikh, unasalimia kama mgombea."

Waliokuwa wanachagua nyanya wakacheka. Nami nikacheka, nikaendelea na safari. Kicheko changu ndicho kinachonikera zaidi.

Angesema kama bosi, ningeelewa. Lakini mgombea! Kila anayekuja Dodoma kuomba kura huanza na neno hilo hilo jukwaani, halafu akishapata hapiti tena. Nikajaribu kukumbuka lini mara ya mwisho nilikaa kwenye gunia lake. Kabla ya Ramadhani.

Wiki hii nimefungisha ndoa mbili, tumemzika mzee wetu wa safu ya kwanza, na Jumatatu nilikuwa Mtumba, kwenye mji wa Serikali, kuomba dua kwenye uzinduzi. Jana nilikuwa kwenye baraza la usuluhishi (Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka kesi ya talaka ipite kwanza huko, kwa hiyo wateja hawakosekani). Mke analalamika mumewe anaingia nyumbani kama mgeni. Mimi kichwani nasikia: kama mgombea. Ikabidi nimwombe arudie.

Maalim wangu kule Kondoa, aliyetuanzishia alifu kwenye ubao, hakuwahi kushika kipaza sauti. Baada ya Alfajiri alipiga hodi nyumba hadi nyumba, za Waislamu na za wasio Waislamu, akikaa ndipo anauliza habari. Nami nilipokuja mjini niliifuata njia hiyo miaka mingi. Kisha mwaka 2016 serikali ikaanza kuhamia huku kwa nguvu, kila jengo likataka sheikh na mchungaji wa kuliombea, na mimi, niseme kweli, nikaanza kupenda kiti cha mbele.

Leo nimekwenda bila koti. Nikasimama mbele yake. "Mbukwa, bibi."

Akanitazama kanzu mpaka kwenye ndara. "Mbukwa." Akasogeza ndoo, nikakaa kwenye gunia. Akaniwekea ungo wa kunde mapajani, na tukamenya. La juzi hakuna aliyeligusa. Mteja mmoja akaniuliza bei ya bamia, nikamwambia mia tano fungu, bibi akanikatiza, "Mia saba, huyu hajui." Kisha akauliza goti la Mama Zuhura linaendeleaje. Nilirudi nyumbani na kucha za kijani, nacheka peke yangu barabarani.

Ila pampu ya kisima cha msikiti inatoa mlio nisioupenda. Baada ya Isha niligonga tenki kuanzia juu nikishuka, likalia tupu mpaka usawa wa goti. Na kesho Ijumaa.