Nilivyohesabu vifo vya vita Kalehe bila kuuliza "nani amekufa?"

Kila nikisikia redioni kwamba watu milioni 5.4 "waliuawa" Kongo, nabishana na redio. Hesabu ile ya shirika la misaada la International Rescue Committee (IRC), ya kuanzia Agosti 1998 hadi Aprili 2007, ni ya vifo vilivyozidi vile ambavyo vingetokea hata bila vita. Wengi waliondoka kwa malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo. Mwishoni mwa 2002 nilikuwa mhoji wa utafiti mdogo wa namna hiyo huko Kalehe, Kivu Kusini, na ushauri tuliopewa kabla ya kupanda milima ulikuwa wa hovyo.

Mkubwa mmoja alisema: pitieni vituo vya afya, nakilini madaftari, mrudi. Tukapitia. Cha kwanza kilikuwa kimeporwa hadi magodoro. Daftari lilikuwepo, ila kurasa za nyuma mtu alishazifungia karanga. Cha pili muuguzi yupo, dawa hamna. Sasa kama dawa hamna, nani atambeba mtoto nusu siku milimani aje afie kwenye daftari lako?

Basi, nyumba kwa nyumba. Unasimama katikati ya kijiji, unazungusha kalamu, inakoelekeza ndiko unakoanzia. Kijiji kimoja ikaelekeza kwa shefu, yaani chifu, watu wakaguna kwamba nimepangwa. Sikuirudia, maana ukirudia mara moja tu utafiti umekwisha. Nikaenda kwa shefu, akanihoji yeye kuliko nilivyomhoji.

Lile swali la "nani amekufa hapa?" lilitutesa. Ama watu wananyamaza, ama mzee mmoja marehemu anatajwa na kila mtoto wake kwenye nyumba yake, na ukijumlisha amekufa mara nne. Mimi nikaanza na walio hai: "Mama, siku ile volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, nani walikuwa wanakula chungu hiki?" Tarehe 17 Januari 2002 hakuna asiyeikumbuka. Naandika wote, hata mgeni aliyekuja kulala. Kisha narudi juu ya orodha. Huyu yuko wapi sasa? Yuko shamba. Huyu? Alienda Bukavu. Huyu? Hapo ndipo mama anavuta kitenge na kuanza kueleza.

Usisahau waliozaliwa baada ya volkano wakafa kabla hujafika. Baba mmoja aliapa hakuna. Mkewe akasema yupo, ila hakuwahi kupewa jina. Andika! Ripoti ya IRC ya 2007 ilionyesha karibu nusu ya waliokufa ni watoto chini ya miaka mitano.

Nyumba nyingine kijana alikimbilia msituni wenye bunduki walipoingia, akanyeshewa siku mbili, kikohozi kikammaliza. Fomu inataka "silaha" au "ugonjwa". Nikatia ugonjwa, pembeni nikaandika alikolala. Mkubwa alitaka nifute ya pembeni. Nilikataa, na fomu zilizofuata zikaongezewa swali la ukimbizi. Nani alisifiwa kwa hilo? Si mimi.

Ubishi wa haki juu ya ile milioni 5.4 upo: watafiti wa Human Security Report, ripoti ya Canada kuhusu vita duniani, walisema kiwango cha vifo vya kawaida, visivyo vya vita, ambacho IRC ilikitumia, vifo 1.5 kwa watu 1,000 kwa mwezi, kilikuwa chini mno kwa Kongo, hivyo ziada ikavimba. Hao nawasikiliza. Wa kusema "waliochinjwa milioni tano" siwasikilizi.

Malipo yalikuwa dola chache kwa siku, nyingine zikaishia kwenye viatu. Ukipewa kazi hii, dai buti za mpira kabla ya kutia sahihi.