Tangi la Oili Upande wa Kulia

Juzi, tukiwa katika kituo cha mafuta pale Morocco, Dar es Salaam, binti yangu aliniuliza kwa nini oili ya gari la Mjomba ninaipima injini ikiwa inaunguruma na imeshapata moto, ilhali gari la mama yake hupimwa asubuhi kabla ya kuwashwa. Nilimweleza kwamba oili ya gari hili haikai chini ya injini bali katika tangi lake la pembeni, na kwamba injini ikilala muda mrefu sehemu ya oili hiyo huteremka taratibu kupitia pampu na kurudi ndani ya injini, hata kijiti cha kupimia kikatoka kikavu. Mtu asiyejua huongeza oili isiyohitajika, nayo ile ya ziada, gari likishawashwa, hupitia mpira wa kupumulia wa tangi hadi kwenye filta ya hewa na kutoka nyuma ikiwa moshi. Akaniuliza tena, "Sasa nani aliamua tangi likae huko?" Swali hilo sikulijibu, kwa sababu jibu lake ni alasiri nzima ya Ijumaa katika gereji moja ya Chang'ombe, mwaka 2008, nami sijawahi kuisimulia kwa ukamilifu.

Mengi ya kazi ile nayapita. Gari ni Porsche 912, mojawapo ya yale yaliyotengenezwa kuanzia mwaka 1965 hadi 1969 kwa bodi ileile ya Porsche 911, lakini yakapewa injini ya silinda nne ya lita 1.6 iliyotokana na ile ya Porsche 356, ambayo oili yake hukaa kwenye sampu, yaani bakuli la chini ya injini, kama ilivyo kwa magari tuliyoyazoea. Injini ya Mjomba ilikuwa imekufa siku nyingi. Tulipata injini ya silinda sita ya lita 3.0 iliyotolewa katika 911 SC iliyogongwa huko ng'ambo, ikaja bandarini ndani ya kreti, na ikaja bila tangi, kwa kuwa gari lile lilikuwa limegongwa ubavu wa kulia kwa nyuma, mahali palepale tangi linapokaa. Klachi, giaboksi na nyaya za umeme vilitusumbua sana, lakini kila kimoja kina jibu lililokwisha kuandikwa, na mwenye subira hulipata. Tangi halikuwa na jibu moja.

Injini ya namna hii ina pampu mbili katika umbo moja. Ya kwanza hunyonya oili inayodondoka chini ya injini na kuipeleka katika tangi; ya pili huichukua oili kutoka tangini na kuisukuma kwenye beringi za krenkshafti na sehemu nyingine zinazosuguana. Ile ya kunyonya hufanywa kubwa kuliko ya kusukuma, ili oili isijilundike chini ya injini, na kwa sababu hiyo hunyonya hewa pia, ikarudisha tangini oili iliyojaa povu. Hapo ndipo kazi halisi ya tangi ilipo. Linahifadhi oili, ndiyo, lakini zaidi ya hayo linaipa nafasi ya kuachana na hewa kabla haijarudi kwenye beringi, kwa maana beringi iliyolishwa povu haidumu. Kwa hiyo tangi jembamba lililosimama hufaa kuliko pana lililolala; oili inayorudi iingie karibu na juu, kwa kufuata ukuta wa tangi, ili izunguke ikishuka na hewa ibaki katikati; ndani pawe na vibati vyenye matundu vya kuizuia isirushwe upande mmoja gari linapokata kona; juu ibaki nafasi tupu; na mpira wa kwenda kwenye pampu uwe mnene na mfupi, usio na kona kali, kwa sababu pampu ikinyonya kwa shida injini hufa kabla dereva hajaitazama geji.

Kwanza tulibishana kuhusu tangi lenyewe. Palikuwa na la mtumba, la asili, lililopatikana Nairobi kwa bei isiyoumiza, nami nililitaka kwa sababu lilikuwa na umbo sahihi na matundu yake yote yalikuwa mahali pake. Fundi alilipindua juu ya gazeti, akaligonga kwa mpini wa nyundo, na chembe ndogo za chuma zikadondoka. Injini iliyokuwa ikilitumia ilikuwa imesagika, na chembe hizo zilikuwa zimejificha nyuma ya vibati vya ndani ambavyo mkono haufiki. Alisema tunaweza kuliosha kwa petroli mpaka Idi, bado ile chembe moja itakayobaki ndiyo itakayokwenda kwenye injini yetu. Nikakubali. Nikataka basi tulitengeneze la alumini, kwa wepesi wake. Hapo alinijibu kwa neno ambalo nimelikumbuka katika kazi nyingine nyingi: "Kaka, la alumini likipasuka hapa mjini nitalichomelea. Likipasuka Makambako, nani atalichomelea? Chuma kila mtu anakichomelea." Tukaenda Gerezani kununua bati la chuma la milimita 1.5.

Ubishi wa pili, wa mahali pa kuliweka, ndio uliokuwa mkubwa. Katika takriban 911 zote za zamani tangi hukaa ndani ya madigadi ya kulia, nyuma ya tairi, na mdomo wa kujazia uko kwenye chumba cha injini. Gari la modeli ya mwaka 1972 peke yake lilikuwa tofauti: tangi liliwekwa mbele ya tairi la nyuma, kati ya tairi na mlango, likajaziwa kupitia kifuniko kilichotobolewa kwenye bodi kwa nje. Sababu yake ilikuwa uzito. Injini ya gari hili tayari inaning'inia nyuma ya ekseli, na kila kilo inayosogezwa mbele humsaidia dereva katika kona. Mimi nilikuwa upande wa mwaka 1972. Lita tisa za oili ni kilo nane hivi, tena nyuma tulikuwa tunaongeza injini nzito kuliko ile ambayo gari lilizaliwa nayo. Niliona ni haki ya gari kurudishiwa mizani kidogo. Nilikata boksi gumu kwa umbo la tangi, nikalipachika mbele ya tairi, nikachora kwa chaki duara la kifuniko juu ya bodi, nyuma ya mlango wa kulia. Lilipendeza. Ninalitetea hata leo.

Fundi hakulipenda. "Kilo nane nikikuwekea mbele ya tairi au nyuma yake, huenda hutazijua," alisema, "lakini bodi nikishaikata, utajua." Alikuwa anazungumzia kutu. Katika mji huu upepo wa baharini haulali, na bati lililotobolewa halirudi kuwa kama lilivyotoka kiwandani, hata ulipake rangi gani. Lakini kazi haikuwa ya gari lake, akaiacha grainda mezani na kusema tumngoje mwenyewe.

Mjomba alifika baada ya sala ya Ijumaa, akiwa bado na kanzu na kofia yake. Hakuuliza kuhusu mizani wala kutu. Alisimama mbele ya lile duara la chaki, akaliwekea kiganja bila kulifuta, kisha akaniuliza ni kitu gani. Nilimweleza yote, pamoja na habari za mwaka 1972, maana sikutaka aamue kwa kunipendelea mimi au fundi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha aligeuka, akamwita kijana wa duka la matairi la jirani, aliyekuwa amekaa juu ya rimu akinywa soda, na ambaye hakuwa na habari yoyote ya ubishi wetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie. Uwe unafanya kazi kituo cha mafuta, gari hili liingie. Petroli utajazia wapi?"

Kijana aliiweka chupa chini. Alianza kulizunguka gari kutoka mbele, naye alikuwa makini kama mtu anayetaka kulinunua. Alipita kwenye madigadi ya mbele ya kushoto, ambapo kifuniko cha petroli cha gari hili kipo tangu lilipotengenezwa, lakini ni bati lililolala sawa na bodi, la rangi ileile, na macho yake hayakusimama hapo. Alipita nyuma, akaangalia chini ya bampa. Akaja upande wetu. Nilikuwa nimemtazama tangu alipoinuka, na kabla hajafika nilishajua, kwa sababu katika magari yanayojaa barabara zetu, yale ya Kijapani, kifuniko cha petroli hukaa ubavuni kwa nyuma, na mkono wa mhudumu hukitafuta huko bila kuuliza. Aliuweka mkono katikati ya duara langu. Chaki ikamshika kidoleni.

"Hapa, mzee."

Mjomba akamshukuru, akampa hela ya soda nyingine, naye akarudi kwenye rimu yake. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Mimi nilijua, na fundi alijua, kwamba jambo lilelile ndilo linalosimuliwa juu ya gari la mwaka 1972: wahudumu wa vituo vya mafuta walikiona kile kifuniko cha nje wakamimina petroli kwenye tangi la oili, na modeli ya mwaka 1973 ikarudisha tangi nyuma ya tairi. Nilikuwa nimemsimulia Mjomba habari hiyo dakika chache kabla, tena kwa uaminifu, lakini nilikuwa nimeisimulia kama habari ya watu wa mbali.

Nilijaribu mara ya mwisho. Nilisema tangi libaki mbele ya tairi, ila mdomo wake tuufungulie ndani ya gari, nyuma ya kiti, pasiwe na kifuniko cha nje. Hoja hiyo ni ya kweli na inatekelezeka. Mjomba aliitafakari, nikamwona anaitafakari. Kisha akasema, "Na atakayelipima baada yangu, atajua kwamba linafunguliwa humo? Fundi wa njiani atajua?" Fundi akaongeza kwamba oili inayochemka mgongoni mwa dereva, katika joto la Dar es Salaam la mwezi Februari, ni jambo la kufikiriwa vizuri. Mjomba akachukua kitambaa, akalifuta duara mwenyewe.

Yaliyofuata yalikwenda upesi. Tangi lilijengwa kwa kufuata nafasi iliyo nyuma ya tairi, refu kwa kadiri madigadi yalivyoruhusu, tundu la kutolea likiwa chini kabisa ili oili iteremkie pampu kwa uzito wake. Fundi alipaka chokaa kwenye mishono yote kwa nje, akamimina mafuta ya taa ndani na kuliacha mpaka kesho yake, maana mafuta ya taa hupenya pale ambapo maji hayapenyi, na chokaa huonyesha doa. Palitokea doa moja tu, akalichomelea upya. Kati ya tairi na tangi tuliweka ngao ya bati iliyovikwa mpira, kwa ajili ya kokoto na tope la masika. Siku ya kuwasha tulitoa plagi zote, tukazungusha injini kwa starta bila moto mpaka sindano ya geji ya oili ikainuka, na hapo tu ndipo tuliporudisha plagi. Mjomba aliliendesha yeye kwanza, mpaka Bagamoyo na kurudi, na oili ikiwa ya moto sindano ilikaa karibu na baa moja ya shinikizo kwa kila mizunguko elfu moja ya injini kwa dakika, kipimo ambacho mafundi wa injini hizi hukitumia.

Nimekuwa nikijiuliza kama swali lake kwa yule kijana lilikuwa swali la ufundi. Fundi anaamini lilikuwa la ufundi kuliko yetu yote, kwa sababu gari huhudumiwa na watu walio karibu nalo. Mimi sijafika huko. Kila ninapoteremka vilima vya Pugu na kuusikia mkia unavyosukuma kwenye kona, ninafikiri kwamba kilo zile zingekuwa mbele ya tairi tungeipata faida ambayo gari lilistahili, na kwamba njia ya kuufungua mdomo kwa ndani haikupewa nafasi yake kamili. Kisha namkumbuka kijana yule alivyouweka mkono pale kwa uhakika, na nashindwa kuendelea.

Mjomba hayupo tena. Gari liko kwangu, na mwaka huu mshono wa chini wa tangi umeanza kutoa jasho la oili, upande ambao ngao iliachia na tope likakaa. Fundi, ambaye sasa anafanya kazi pamoja na mwanawe, amelikagua na kusema kulichomelea tena ni kununua muda tu. Anataka kujenga jipya. Ameniuliza kama nalitaka kwa kipimo kilekile na mahali palepale, na akaniomba nimpe jibu kabla hajanunua bati. Nimeshalipima eneo la mbele ya tairi na lile la nyuma yake, vipimo vyote ninavyo kwenye karatasi, na jibu bado sijampelekea.