Paa la Trela Kabla ya Masika

Malindi, wiki ya mwisho ya Machi.

Kaskazi imeishiwa nguvu. Upepo umelala, jasho halikauki, na upande wa baharini mawingu yameanza kujipanga. Masika hapa huwa mazito zaidi mwezi wa Mei, na paa la mbao ambalo halijafungwa kufikia hapo litanyonya maji hadi kusi ikatike.

Ninayoyaandika leo yanahusu paa la trela ya kulala, ile ndogo ya mbao inayoundwa nyumbani na kuvutwa na gari la kawaida hadi Watamu au bara kuelekea Tsavo Mashariki. Mtu wa pwani akiambiwa azuie mbao zisivuje, akili humwendea kalafati moja kwa moja: pamba iliyolowekwa mafuta, tindo na nyundo, kisha sifa juu ya mbao na deheni ya chokaa na shahamu kwenye sehemu inayozama. Kazi hiyo ya mafundi wa Matondoni kule Lamu haina kasoro, ila ina sharti linalosahaulika, kwamba jahazi hukaa majini. Mbao hunywa, huvimba, huibana pamba, na mshono hujifunga wenyewe. Chombo kikikaa juani muda mrefu mishono hufunguka, ndiyo maana hata jahazi zuri huvuja siku za kwanza likishushwa. Paa la trela huishi juani mwaka mzima, kisha hunyeshewa ghafla. Likiachiwa linywe, litavimba na kunywea kila wiki mpaka kila kilichopakwa juu yake kipasuke. Kwa hiyo hesabu inageuka: huku mbao haitakiwi kunywa kabisa, si juu, si kingoni, si ndani ya tundu la skrubu.

Tuanze na plaiwudi, maana hapo ndipo wengi huharibu kabla ya kufungua kopo lolote. Madukani ukiomba "marine board" mara nyingi utapewa ubao wenye ngozi nyororo ya kahawia au nyeusi, ule wa kumwagia zege. Gundi yake huenda ikawa nzuri, lakini ngozi ile imetengenezwa ili zege isishike, na resini, ile gundi ya majimaji inayoganda tutakayopaka juu, nayo haitashika. Unataka plaiwudi yenye uso wa mbao tupu, milimita 6, iliyogundishwa kwa gundi isiyoogopa maji. Usitegemee muhuri peke yake. Kata kipande cha kiganja, kichemshe kwenye sufuria saa mbili tatu, kikaushe, ukichemshe tena. Matabaka yakiachana, rudisha mbao dukani, au zifanye rafu za ndani.

Paa la mfano wangu lina urefu wa sentimita 244 na upana wa 150. Plaiwudi mbili, kila moja ikatwe urefu wa sentimita 150, zilale kukingama, zikutane katikati juu ya boriti. Mshono ni mmoja tu, na boriti zote za paa zikatwe mgongo, kati iwe juu ya kando kwa sentimita 4 au 5. Paa bapa kabisa hugeuka beseni. Kwenye mshono acha nafasi ya milimita 2 au 3, uijaze resini iliyokorogwa na unga wa msumeno uliochekechwa mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga. Kona zote za ukingo zipigwe randa na msasa ziwe mviringo, angalau milimita 6. Kitambaa cha faiba, yaani cha nyuzi za kioo, kitakacholazwa juu ya paa na resini, hakikunjiki kwenye kona kali. Kitanyanyuka, kiache mfuko wa hewa, na mfuko huo ndio utakaopasuka kwanza.

Sasa resini. Pwani hii mafundi wa boti za faiba wamezoea resini ya poliesta na mkeka wa nyuzi fupi, na vitu hivyo hupatikana kwa urahisi. Kwa boti inayotoka kwenye kalibu ni sawa. Juu ya plaiwudi, poliesta hushika kidogo tu, na baada ya misimu michache hubanduka kama ganda la yai lililochemshwa. Tumia epoksi, resini ya aina nyingine inayogandishwa kwa kuchanganywa na kopo la pili, hadina. Na ukitumia epoksi usichukue ule mkeka, kwa sababu gundi inayoshikilia nyuzi zake imetengenezwa iyeyuke ndani ya poliesta, na kwenye epoksi mkeka hubaki mgumu, haulali. Chukua kitambaa kilichofumwa, gramu 200 kwa mita ya mraba.

Ukiongeza sentimita 5 za kuning'inia kila upande, eneo ni kama mita 4 za mraba. Kitambaa chenye upana wa mita 1 kikatwe vipande vitatu vya mita 1.6, vipandiane sentimita 5 au zaidi. Nunua mita 5. Epoksi: mkono wa kwanza wa kunywesha mbao hula karibu gramu 150 kwa mita ya mraba, kitambaa hula takriban uzito wake chenyewe, na mikono miwili ya kufunika ufumaji gramu 150 kila mmoja. Jumla ni kilo 2.6. Weka na ya mshono, ya matundu na ya kupotea, ununue kilo 3.5. Pima kwa mizani ya jikoni, kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo, na uangalie kama uwiano huo ni wa uzito au wa ujazo, maana haviwi sawa. Kuongeza hadina ili ikauke haraka ni kosa la waliozoea poliesta. Epoksi yenye hadina nyingi haiharakishi chochote, inabaki laini milele.

Joto letu lina adabu zake. Omba hadina ya taratibu. Changanya gramu 200 kwa wakati mmoja, usizidishe, uzimwage kwenye sinia pana mara moja. Resini ikikaa imerundikana koponi hujipasha yenyewe, huchemka, hutoa moshi. Kopo kama hilo lisiachwe ndani ya banda la makuti hata kidogo. Litolewe nje, liwekwe juu ya mchanga. Banda lenyewe ni la lazima kwa kivuli, lakini makuti hudondosha vumbi na vijiti bila kukoma, basi tungika turubai chini yake kwanza.

Saa ya kupaka ni jambo ambalo vitabu vya nchi za baridi hulipitia haraka, na hapa ndilo linaloamua. Mbao zikipata joto, hewa iliyo ndani yake hupanuka na kutoka. Ukipaka asubuhi huku jua linapanda, hewa hiyo itapita kwenye resini mbichi na kuacha viputo na vitundu mamia. Paka joto likianza kushuka, saa kumi jioni hivi, mbao zikiwa zinavuta pumzi ndani badala ya kuitoa. Mkono wa kwanza ni wa rola, bila kitambaa. Ukianza kunata bila kuchafua kidole, tandaza kitambaa kikiwa kikavu, kinyooshe kwa viganja, kisha mwaga resini katikati na uisukume kwenda kando kwa kipande cha plastiki bapa. Kadi ya benki iliyokwisha muda inafaa sana. Kitambaa kilichoshiba huwa hakionekani. Panapobaki peupe pana kiu, na panapong'aa kama kioo pana resini nyingi na kitambaa kinaelea. Kwangua ile ya ziada. Uzuri wa paa hautoki kwenye unene.

Mikono miwili inayofuata iende kabla uliotangulia haujakauka kabisa, na kwa joto la Machi nafasi hiyo ni saa chache tu. Usiku ukikuingilia, acha, ufunike umande usianguke juu, ukaendelee kesho baada ya kuosha na kupiga msasa.

Hiyo kuosha haina mjadala. Unyevu wetu huitoa hadina juu ya epoksi ikawa utando wa nta unaoteleza. Ukipiga msasa kwanza unaisukuma nta ndani ya mikwaruzo, na rangi itabanduka baada ya miezi miwili bila sababu inayoonekana. Osha kwa maji safi na sponji ya kijani ya kuoshea vyombo, futa kwa kitambaa kikavu, ndipo msasa nambari 80, halafu 120, na 220 kabla ya rangi. Usitumie waya wa kusugulia masufuria. Chembe zake za chuma hubaki na kuota kutu chini ya rangi.

Asiye na bajeti ya epoksi asione aibu. Kitambaa cha tanga, yaani turubai ya pamba, kikilazwa juu ya gundi nyeupe ya mbao isiyoogopa maji, kikalowanishwa gundi hiyo hiyo kutoka juu na kupakwa mikono minne ya rangi ya nje, hufunga paa kwa kweli. Kitataka rangi upya kila mwaka au miwili, na matawi ya mikwaju yatakichuna. Lakini kinarekebishwa kwa kiraka, popote ulipo.

Matundu sasa. Paa la namna hii haliozi katikati. Huoza palipotobolewa. Hapo mafundi wa majahazi wana somo linalohama bila kubadilika: msumari wao huviringishwa pamba yenye mafuta chini ya kichwa kabla haujazama. Wanajua kwamba chuma hupeleka maji mpaka kwenye kiini cha ubao. Sisi tunafanya hivi. Kwa skrubu ya milimita 4, toboa tundu la milimita 8, lijaze epoksi nzito, ikikauka toboa tena la milimita 3 katikati yake. Skrubu inakaa ndani ya resini na haigusi mbao popote. Iwe ya chuma cha pua daraja la 316, maana zile za kung'aa kwa zinki hewa ya chumvi huzimaliza upesi.

Kitundu cha hewa cha sentimita 36 kwa 36 ndicho kikubwa kuliko vyote. Kijengee kizingiti cha mbao cha sentimita 2 kuzunguka, kifungwe kwa faiba pamoja na paa, ili maji yanayotambaa yakutane na ukuta. Chini ya fremu yake laza utepe wa butili, mpira laini unaonata, kaza skrubu taratibu kwa kuvuka kona hadi kona, acha siku mbili juani, kaza tena. Butili hulainika na kutoka pembeni, kata ya ziada kwa kisu cha plastiki. Vichwa vya skrubu vifunikwe kwa silanti ya poliyurethani, dawa ya kuziba inayobaki laini kama mpira. Silikoni iache bafuni: haishiki rangi, na ikishindwa hakuna kitakachoshika juu ya mabaki yake, hata silikoni mpya.

Ukingo wa paa na ukuta hufunikwa kwa pembe ya alumini ya milimita 25 kwa 25, nayo ilale juu ya silanti laini, si gundi ngumu. Barabara ya vumbi yenye makunyanzi hutikisa fremu yote, na kitu kigumu kitapasuka ndani ya safari moja. Weka silanti ndani ya kila tundu pia, kwa sababu chuma cha pua kikigusana na alumini kwenye chumvi, alumini ndiyo inayoliwa na kubaki unga mweupe.

Rangi ni ya lazima, kwani jua huigeuza epoksi tupu kuwa njano, kisha unga. Nyeupe, hakuna nyingine. Paa jeusi hapa Malindi hupita nyuzi 60, na epoksi iliyokaukia kivulini huanza kulegea karibu na hapo. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya epoksi changa inaweza kunata kwa wiki kadhaa, tanguliza praima ya epoksi. Poliyurethani ya makopo mawili hudumu zaidi ya zote, lakini ivaliwe barakoa yenye vichujio vya kemikali. Kitambaa cha pua hakizuii chochote.

Na upande wa ndani wa paa upewe walau mkono mmoja wa epoksi. Watu wawili wakilala humo huacha karibu nusu lita ya maji hewani kwa pumzi na jasho, na mengi hupanda juu.

Jaribio la mwisho ni bomba la bustani. Bandika karatasi za gazeti ndani kwenye kila mshono, inamisha trela mbele, mwagia nusu saa kuanzia kuta za chini ukipanda. Ukianzia juu hutajua maji yaliingilia wapi. Inamisha nyuma, rudia. Ukiona doa kwenye gazeti, usizibe hapo kwa ndani, maana maji hutembea juu ya boriti hata mita nzima kabla ya kudondoka, na kuziba kwa ndani ni kuyafungia kwenye mbao. Rudi juu na bisibisi, fungua kilicho karibu upande wa mwinuko, kausha siku mbili, ukilaze upya kwenye butili.