Mbolea ya kuku isingoje mvua nje

Kila ikifika Novemba nakuwa msumbufu kwa wafugaji wenzangu. Huku kwetu Mtwara, upande wa Naliendele, mvua za kwanza hushuka mwishoni mwa mwezi huo au Desemba, na kabla hazijashuka napita kwa kila mfuga kuku ninayemfahamu kuuliza swali lile lile: mbolea yako iko wapi, na juu yake umefunika nini? Wengi hunionyesha lundo lililokaa nyuma ya banda tangu Juni. Limekauka, halinuki tena, unaweza kudhani makali yameisha. Hayajaisha.

Nina kuku wa mayai 150. Mashudu, soya na dagaa tunaowalisha vina protini, na ndani ya protini ndimo ilimo nitrojeni, chakula kikuu cha mimea. Theluthi moja hivi inaingia kwenye yai na mwili wa kuku, iliyobaki inaangukia chini. Kwa mwaka mzima kuku mmoja hutoa nitrojeni inayokaribia gramu 700. Kwa kuku wangu, hiyo ni zaidi ya kilo 100. Mfuko wa urea wa kilo 50 una nitrojeni kilo 23, kwa hiyo kila mwaka bandani kwangu panatoka mifuko minne na nusu. Nani atanunua urea, apasue mfuko, aimwage mchangani na kuingia ndani kusubiri mvua? Mavi ya kuku tunayafanyia hivyo kwa sababu tunasahau kwamba tuliyalipia dukani, kwenye chakula.

Ule weupe unaouona juu ya kinyesi ni asidi ya yuriki, na humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya nitrojeni. Bakteria wanaigeuza kuwa amonia, ile inayochoma macho ukifungua banda lenye maranda yaliyolowa. Amonia ikiingia udongoni, bakteria wengine wanaifanya nitrati. Mimea inaipenda sana nitrati, lakini udongo hauwezi kuishika. Chembe za mfinyanzi na mboji zina chaji hasi, nitrati nayo ina chaji hasi, hivyo zinafukuzana. Maji yakishuka, nayo inashuka.

Na sisi tumekalia mchanga. Anayebisha apande Newala wakati wa masika. Mvua inanyesha ya kutosha, lakini juu ya uwanda wa Makonde huoni mito, maji yote yanazama na kwenda kutokea chini kwenye miteremko. Ndiyo sababu wenyeji wa kule wamehangaika na maji miaka yote. Mchanga unaomeza mvua namna hiyo utazuia nini?

Kiangazi kirefu nacho kina mchango wake. Mwaka 1958 H. F. Birch, mtafiti aliyekuwa Muguga, Kenya, alichapisha matokeo yake kuhusu udongo wa Afrika Mashariki: udongo uliokauka sana ukilowa tena, vijidudu huamka kwa nguvu, na nitrojeni nyingi huachiwa kwa siku chache. Siku hizo ndizo ambazo mahindi yetu hayajaota au yana majani mawili tu. Nitrati ipo tele, mizizi ya kuipokea haipo.

Nina mteja mlima mchicha bondeni, tunaitana njomba. Yeye alikuwa hataki nifunike. "Njomba, mbolea ikinyeshewa ndiyo inapoa, haiunguzi mchicha." Nikamwambia, "Kweli haiunguzi, njomba. Kilichokuwa kinaunguza kimeshaondoka na maji, na wewe unanilipa kiroba kizima." Tangu hapo turubai tunalivuta pamoja.

Kinachonitia hofu kuliko lundo ni shimo. Majirani wakilalamikia harufu, mfugaji anachimba shimo la mita mbili na kuzika kila kitu. Harufu inaisha, malalamiko yanaisha, na mbolea imesogezwa karibu zaidi na maji, chini kabisa ya mizizi ya mmea wowote. Hatua chache kutoka hapo kuna kisima cha mtaa. Nitrati haina rangi, haina ladha, haina harufu. Kuchemsha hakuiondoi, maji yakipungua sufuriani yenyewe inazidi kukolea. Mtu mzima huenda asione kitu, lakini mtoto wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo, damu yake inaweza kushindwa kubeba oksijeni. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita.

Huwa nafuatilia habari za Uholanzi, nchi ambayo yote ni ndogo kuliko Mkoa wa Lindi na kuku wake wa mayai wanahesabiwa kwa makumi ya mamilioni. Tatizo lao la nitrati liko zaidi kwenye mchanga wa kusini na mashariki. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 1991 inataka nitrojeni ya samadi isizidi kilo 170 kwa hekta kwa mwaka, na tangu 2008 wana mtambo Moerdijk unaochoma mavi ya kuku kupata umeme. Sisi hatuhitaji mtambo, mashamba yetu yana njaa. Ila ile 170 niliigawanya kwa hesabu zetu: ekari moja inabeba mavi ya kuku kama 100. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 kinabeba kuku kumi tu. Wengi wetu tunafuga 200 kwenye kiwanja hicho, kwa hiyo lazima mbolea itoke iende mbali.

Yangu iko juu ya saruji, chini ya bati chakavu, nimeichanganya na majani makavu ya mikorosho na pumba za mpunga ili vijidudu vipate cha kushikia nitrojeni. Maganda ya korosho siyatii, mafuta yake yanababua. Upande wa mteremko nimepanda migomba ipokee kinachovuja, inastawi kuliko yote niliyo nayo. Njomba anachukua viroba kidogo kidogo, mchicha ukishaota, hachukui vyote kwa mkupuo.

Mwaka huu tunachangishana kupima kisima cha mtaa mara mbili, sasa kabla ya mvua na tena Aprili. Mwenye kisima ameridhia, akina mama wametoa michango yao bila kusukumwa. Mfugaji mwenye kuku wengi kuliko sisi sote, mwenye shimo lile la karibu na kisima, bado hajanijibu. Namfuata tena Jumamosi, na turubai la ziada ninalo.