Pierre Vaultier na Tufe Zake Sita

Wengi wanaomtaja Pierre Vaultier huanza na dhahabu zake mbili za Olimpiki, nami nilianza hapo hapo kabla ya kubadili mawazo. Mfaransa huyu, aliyezaliwa mwaka 1987 katika mji wa Briançon kwenye milima ya Alpi, alishindana katika snobodi krosi, yaani mbio za ubao wa theluji ambamo wanariadha kadhaa huachiwa kwa pamoja getini, wakateremka njia moja yenye matuta, kona zilizoinuliwa ukingoni na miruko mirefu.

Huo si mchezo wa kushindana na saa peke yake. Kwanza kila mmoja huteremka akiwa pekee ili muda wake umpangie nafasi. Kisha huja hatua za mtoano, na hapo anayetangulia hupasua upepo huku wa nyuma yake akinufaika kwa kujificha mgongoni mwake, na mtu anaweza kuangushwa na kosa la jirani ambaye hata hakumwona. Mwaka 2010, alipokwenda Olimpiki ya Vancouver akiwa miongoni mwa waliotarajiwa kushinda, Vaultier aliondoka bila medali.

Disemba 2013 alichanika kano kubwa ya ndani ya goti katika mashindano ya Kombe la Dunia, yaani mfululizo wa mbio za msimu mzima, nchini Kanada, ikiwa imebaki takriban miezi miwili tu kabla ya Michezo ya Sochi. Upasuaji ungemfungia mlango wa Olimpiki, hivyo aliuahirisha, akalifunga goti kwa kifaa cha kulishikilia na kwenda Urusi. Ukungu ulisogeza mbio hadi siku iliyofuata, na tarehe 18 Februari 2014 akashinda dhahabu, mbele ya Mrusi Nikolay Olyunin na Mmarekani Alex Deibold. (Mimi goti likiniuma kidogo hutafuta lifti hata kwa ghorofa moja.)

Miaka minne baadaye, katika Olimpiki ya Pyeongchang, Korea Kusini, alianguka katika nusu fainali pamoja na wenzake, akainuka upesi na kuteleza hadi kwenye mstari akiwa bado na nafasi ya kufuzu, kisha akaitwaa fainali. Kabla yake, Mmarekani Seth Wescott pekee ndiye aliyekuwa ameshinda dhahabu mbili mfululizo za wanaume, tangu mchezo huu uingie Olimpiki mwaka 2006.

Hata hivyo, kilichonivutia zaidi ni tufe la kioo, tuzo anayopewa mwenye pointi nyingi zaidi katika msimu mzima wa Kombe la Dunia. Vaultier alilitwaa mara sita: 2008, 2010, 2012, kisha 2016, 2017 na 2018. Katika mchezo ambamo bahati mbaya ya mwenzako inaweza kukuondoa kwa sekunde moja, mtu aweza kubahatika siku moja ya Februari, lakini msimu mzima wa vilima tofauti, theluji tofauti na wapinzani wale wale haumbebi mwenye bahati tu. Mwaka 2017 aliongeza ubingwa wa dunia huko Sierra Nevada, Hispania, katika kipindi ambacho kwa maoni yangu alikuwa bora kuliko hata alipokuwa Sochi. Alistaafu mwaka 2020.