Nyeusi si nyeusi tu?

Leo siku ya nne, na neno la msimamizi wa ujenzi wa barabara bado limening'ang'ania. Dada amejifungua mtoto wa kike, wote wazima, na mtihani ule nimefaulu, lakini nikilala tu narudi pale kwenye lori la tatu la lami.

Asubuhi ile nilipitia mtamboni, kule lami inakochanganywa na kokoto za moto, nikaona moshi wa samawati unapanda: kokoto zimechomwa kupita kiasi. Lori likatoka saa mbili kasoro, likafika saa nne na nusu. Nilipofunua turubai, mchanganyiko ulikuwa umefifia, hauna ule mng'ao wa lami iliyozifunika kokoto vizuri.

"Mzee, hii imeshazeeka."

Msimamizi akachomeka kipimajoto. Nyuzi 150. Akawageukia vijana wa mashine ya kushindilia. "Mwanangu, lami inazeekaje na haijamwagwa? Joto lipo. Nyeusi si nyeusi tu?"

Wakacheka. Nami nikajibu nini? "Sawa, mzee."

Sawa! Kitandani ndiyo majibu yanamiminika. Joto lipo kwa sababu lilizidi tangu mwanzo, mzee. Lami ikiwa ndani ya pipa hewa huigusa juu tu. Ikishatandazwa kwenye kokoto inakuwa utando mwembamba kuliko unywele, na kwa joto lile oksijeni inaila huku mafuta yake mepesi yakipaa. Maabara tunauiga uzee huo kwa kuzungusha lami kwenye chupa ndani ya oveni ya nyuzi 163, dakika 85 tu, na inatoka ngumu kweli. Hapo tunaiga mtambo wenye adabu, usiochoma kokoto. Wewe umeiongezea saa mbili na nusu za safari.

Jana nikaiyeyusha lami kutoka kwenye sampuli ya lori lile niliyoificha, nikaisafisha, nikaipima ugumu. Sindano yenye mzigo wa gramu 100 inaachwa izame kwenye lami kwa sekunde 5, kwa nyuzi 25; ikizama kidogo, lami ni ngumu. Kwenye lami mbichi ilizama milimita 6.4. Safari hii 2.3. Nilirudia mara tatu, si kwa shaka, kwa raha.

Nikaichukua karatasi, nikafika hadi mlangoni kwake, nikasita. Kipande kile cha barabara kitapendeza kuliko vyote. Lami ngumu haibonyei kirahisi chini ya magurudumu. Wengine wakianza kuona mifereji, chake kitakuwa kimenyooka kama meza, kama kimeshindiliwa vizuri. Atasifiwa. Nyufa zitakuja baadaye, baridi ikiivuta lami isiyonyumbulika tena, na malori yakipita juu yake kila siku. Wakati huo mimi na yeye tutakuwa mradi mwingine, labda tena tukibishana juu ya lori jingine.

Nilicheka peke yangu pale mlangoni. Karatasi nimeipeleka kwa mhandisi mkazi, anayekagua kazi yetu, na nakala nimemwachia mzee mezani, nikaandika juu yake: "Si nyeusi tu."

Hajasema kitu. Na jino la juu kushoto limeanza tena, lile lile nililoambiwa limepona.