Kwa Kaunda na kaunda suti

Suti ilikuwa ya baba. Ya kijivu, mikono mifupi, mifuko minne, ile ambayo kwetu hata mtoto aliyezaliwa baada ya mwenyewe kutoka madarakani mwaka 1991 anaiita kaunda suti. Baba aliivaa harusini na kwenye misiba mikubwa tu. Nilipomwambia nataka kwenda Lusaka nijaribu kumwona Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, hakuniuliza nauli nimeipata wapi. Aliingia chumbani, akatoka na suti ndani ya mfuko wa nailoni.

"Usiende kwa mzee wa watu na jinzi."

Ilikuwa Agosti 2013, nina miaka 23, napiga gitaa kavu kwenye harusi za Mbeya. Kaunda nilimjua kama mpiga gitaa kabla sijamjua kama rais. Baba, ambaye ujanani alipiga kokoto kwenye Reli ya Uhuru, ile ya TAZARA ya kwenda Zambia, ndiye aliyenisimulia jinsi yule bwana alivyozunguka vijiji vya kaskazini mwa Zambia kwa baiskeli, gitaa mgongoni, akidai uhuru. Basi binamu yangu anayeuza vitenge Lusaka akanipigia simu: mchungaji wao anafahamiana na watu wa nyumbani kwa mzee, njoo tubahatishe. Siku za treni hazikulingana na zangu, nikapanda basi dogo la Tunduma.

Tunduma ni malori. Ukishuka tu, kabla hujanyoosha mgongo, vijana wa chenji wameshakuzunguka. Aliyenipata mimi alikuwa mpole, kashika Biblia ndogo pamoja na bunda la noti. Alinipa bei nzuri kuliko wenzake, na hapo ndipo ningeshtuka. Nikatoa shilingi 150,000. Akanihesabia kwacha 500 mbele ya macho yangu, noti tano za mia mia, mpya, zinanukia. Nikazihesabu mwenyewe, sawa. Mara mwenzake akapiga mluzi, "Askari!" Yule mpole akazikwapua mkononi mwangu, akazikunja, akanirudishia kiganjani na kunifunga vidole kama mama anavyompa mtoto hela ya dukani. "Kaka, weka haraka." Nikaweka.

Mpakani nilivuka salama. Nakonde, upande wa Zambia, kwenye dirisha la tiketi, nikazikunjua. Ya juu ilikuwa mpya. Tatu zilizofuata zilikuwa za mia kweli, ila mia za zamani, na kwacha ilikuwa imefutiwa sufuri tatu tangu Januari mwaka ule. Mia ya zamani ni ngwee 10, yaani sehemu ya kumi ya kwacha. Na hata hizo zilikuwa hazipokelewi tena madukani, kwa hiyo mkononi nilikuwa na kwacha mia moja tu.

Ya tano yule dada wa tiketi aliigeuza, akaiinua kwenye mwanga, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Ilikuwa ya zamani kuliko zote. Ilikuwa na sura ya Kaunda.

Akawaita wenzake. Nimesimama pale na kaunda suti inayonibana kwapa, gitaa mgongoni, nimeshika Kaunda asiyenunua hata pipi. Mmoja akaniuliza naenda wapi. Nikasema ukweli, naenda kumwona Kaunda. Walicheka upya.

Nauli ilikuwa 170. Konda akasema na gitaa linalipiwa, maana linakaa nafasi ya mtu. Nilibishana naye kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kibemba, na tulielewana vizuri sana: hakuna kulipa, hakuna kupanda. Simu yangu, ile yenye kamera, niliiuza kwa kwacha 65. Ikabaki pengo dogo, na saa nne mpaka basi liondoke.

Mama mmoja muuza chakula alikuwa ameyaona yote. Kiswahili chake kilikuwa cha Tunduma kabisa. "Mwanangu, hilo gitaa ni pambo? Kaa hapo, piga." Nikapiga ninazozijua, za harusi. Watu wanakula, hawainui macho. Yule mama akaweka mwiko chini, akaanza mwenyewe: *Tiyende pamodzi ndi mtima umo*. Wimbo ambao Kaunda aliwaimbisha wananchi miaka yote ile, na Mswahili hahitaji mkalimani: twende pamoja na moyo mmoja. Nikamtafutia ufunguo, nikampata kwenye G, na meza nzima ikaitikia, hadi dereva wa lori aliyekuwa na tonge mdomoni. Nilipata kwacha 14 na sahani ya nshima na kapenta. Nshima ni ugali wetu na kapenta ni dagaa wetu, ila bei niliyoiona ubaoni, kama si ofa ya mama, ningelala njaa.

Konda alichukua zote.

Kutoka Nakonde mpaka Lusaka ni zaidi ya kilomita 1,000, na kusema kweli nayakumbuka magoti yangu tu. Mpika ilipita usiku. Serenje nilishuka kukojoa, baridi ikanitoa machozi. Usingizi haukuja, nikawa nawaza wanasiasa wa kwetu. Kwetu mwanamuziki anamwona kiongozi miaka mitano kwa mitano, juu ya lori la kampeni. Mwaka 2010 nililipigia gitaa jua kali wiki mbili, nikapewa fulana na ahadi ya posho. Fulana imeshakuwa dekio. Mgombea wangu sikuwahi hata kumshika mkono, na huyu wa nchi nyingine namfuata kwa magoti yaliyokufa ganzi.

Lusaka nilisubiri siku nne kwa binamu, nikila kwake na kujisikia mzigo. Jumapili ikafika.

Baada ya ibada watu walipanga foleni nje. Mzee alikuwa na miaka 89. Mama Betty, mkewe wa tangu 1946, alikuwa amefariki Septemba iliyotangulia, na watu walikuwa wanamshika mkono taratibu, kama wa kwenye matanga. Kitambaa cheupe kilikuwa mkono wa kushoto, kimebanwa kati ya vidole, vilevile kama kwenye picha zote. Amevaa suti yenyewe. Hapo ndipo nilipoona kosa la fundi wetu: shingo ya ile yake imesimama imara, yangu imelala kama sikio la mbuzi. Nikaivuta juu kwa mkono mmoja, na mwingine nikampa.

Kiganja kilikuwa kikavu, chepesi. Aliiangalia suti, akaliangalia gitaa, akatabasamu, akasema kitu. Sauti ilikuwa ndogo, na nyuma yetu gari likapiga honi ndefu. Niliona midomo tu. Ilikuwa sentensi nzima, na mwishoni akainua nyusi, kama mtu aliyeuliza swali.

Nikasema, "Ndiyo, mzee."

Akacheka, akanipigapiga begani, foleni ikanisukuma mbele. Noti yake ilikuwa mfuko wa kifuani. Nilikuwa nimepanga kumwonyesha, na nilikuja kuikumbuka nimeshafika getini.

Picha sina, maana simu ilibaki Nakonde. Marafiki zangu Mbeya wameniambia wazi kwamba nimetunga. Baba hakusema hivyo. Aliikung'uta suti vumbi, akachunguza kwapa lililofumuka, kisha akauliza, "Amesemaje?"

Nikamwambia ameuliza suti imeshonwa wapi.

Baba alikaa kimya kidogo. "Ukamwambia Mbeya?"

"Ndiyo, baba."

Akaenda kutafuta sindano.